Usiangalie namba ya vipande, angalia picha

Watu wakishika boksi la pazo kitu cha kwanza wanachotafuta ni namba, 500, 1000, 2000, halafu wanaamua hapo hapo kama wataiweza ama hawataiweza. Mi kazi yangu ni kuchagua picha zinazokwenda kukatwa pazo, zile za kuunganisha vipande vya kadibodi mpaka picha itimie, nimeifanya miaka mingi sasa na nawaambia ukweli kabisa, ile namba haikwambii mengi. Kuna pazo ya vipande 500 inakaa mezani mwezi mzima hakuna anayeigusa, na kuna ya 1000 familia inaianza Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni imeisha. Tofauti iko kwenye picha. Ndo maana hata kwenye mashindano ya dunia ya pazo, yaliyoanza Valladolid kule Uhispania mwaka 2019, kila raundi washindani wote wanapewa picha zile zile, maana ukiwapa picha tofauti zenye vipande sawa hujawapa kazi sawa.

Na hiyo namba yenyewe ina mambo yake. Pazo nyingi zilizoandikwa 1000 ukizihesabu utakuta vipande 1026, kwa sababu zimekatwa safu 27 na kila safu ina vipande 38, picha ya sentimita 70 kwa 50 inagawanyika vizuri hivyo na kila kipande kinatoka karibu mraba. Vya pembeni vinakuwa 126 tu. Kwahiyo ukimaliza fremu ukajiona umefika mbali, bado kuna vipande 900 kamili vinakusubiri katikati, na hapo ndo picha inaanza kukusaidia ama kukutesa.

Sasa chukua 70 gawanya kwa 38, unapata chini kidogo ya sentimita 2. Hilo ndo dirisha la mtu anayepanga pazo. Yeye haioni picha nzima kama wewe unavyoiona kwenye boksi, ameshika kiganjani kidirisha cha sentimita mbili na lazima akisome hicho hicho. Mi nina kikadi cheusi nimekitoboa tundu la mraba la sentimita 2, kona zake zimeshalika kwa kushikwashikwa, na picha yoyote kabla sijaipitisha naiprinti kwa saizi yake kamili halafu naburuza kikadi juu yake, nasimama popote, najiuliza niko wapi hapa. Majibu ni matatu. Najua nyumba, yaani najua kabisa hili ni jicho la yule ndege wa kushoto. Najua mtaa, yaani hili ni jani la ule mti lakini sijui lipi. Ama sijui hata mji. Picha ikinipeleka kwenye "sijui hata mji" zaidi ya theluthi ya muda, hata iwe nzuri namna gani, naiweka pembeni.

Mapenzi yangu mimi yako kwenye michoro ya wasanii wakubwa kwahiyo naanza na hapo. Chukua The Starry Night ya Van Gogh, ya 1889. Mtu akiona lile anga lote la bluu anaogopa, anasema hii siiwezi, lakini weka kikadi uone, kila mahali pana mistari ya brashi na ile mistari inaenda upande fulani, inazunguka nyota, inapanda, inashuka, kwahiyo kipande kimoja kinakwambia rangi yake na pia kinakwambia kimelala vipi. Anga la picha ya kamera halina zawadi hiyo hata kidogo. Ndo maana huwa nawaambia wanaoanza wasikimbie michoro, brashi ya msanii ni ramani.

Lakini siyo kila msanii anakuachia ramani. Shangazi yangu, ambaye ndo alinifundisha huu mchezo, alipewa pazo ya Girl with a Pearl Earring ya Vermeer, ule mchoro wa binti mwenye hereni ya lulu, akamaliza uso, kile kilemba cha bluu na njano, kola, hereni, vyote jioni moja. Ikabaki nyuma. Nyuma ya yule binti ni giza tupu, mwaka 2020 watafiti wa Mauritshuis, jumba la makumbusho kule Uholanzi mchoro huo unakoning'inia, walitangaza kwamba pale palikuwa na pazia la kijani ambalo rangi yake imebadilika kwa miaka mingi, ila shangazi pazia hakuliona, aliona vipande vyeusi mamia. Nikamwambia shangazi acha tuifunge. Akanijibu, "Mwanangu, nyeusi siyo moja, njoo huku dirishani." Akachukua kipande akakiinamisha polepole kwenye mwanga, na kweli, kimoja kilikuwa kinaelekea kijani, kingine kahawia, kingine kina mipasuko myembamba ya rangi iliyozeeka kama nyufa za udongo mkavu. Mchoro halisi ni mdogo, sentimita 44.5 kwa 39, pazo yake ilikuwa kubwa kuliko mchoro wenyewe kwahiyo nyufa zilikuwa zimekuzwa na kuonekana. Akavitenga mafungu manne kwenye sinia. Ilimchukua siku kumi na moja na mpaka leo nikikwama kwenye giza nasogea dirishani.

Kuna mfano naupenda sana wa jinsi namba isivyo na maana. Mwaka 1964 kampuni ya Springbok kule Marekani ilitoa pazo ya Convergence, mchoro wa Jackson Pollock wa 1952, ule wa rangi zilizorushwa na kudondoshwa juu ya turubai, ikauzwa kama pazo ngumu kuliko zote duniani. Ilikuwa na vipande 340. Mia tatu na arobaini tu! Lakini kila ukiweka kikadi unaona matone meupe, mistari myeusi, madoa ya njano na mekundu, pote pamejaa vitu na pote panafanana, yaani rangi ni nyingi ila anwani hakuna.

Kinyume chake ni Bruegel. Ule mchoro wake wa michezo ya watoto, wa 1560, una watoto zaidi ya 200 wanacheza michezo karibu 80, huyu anaviringisha ringi, hawa wanarukiana migongoni, wale wanasimama kichwa chini, na kila kidirisha cha sentimita mbili kina kisa chake. Ukipanga Bruegel unaujua ule mchoro kuliko mtu aliyesimama mbele yake nusu saa, sababu kila mkono na kila kofia umeitafuta mwenyewe. Hiyo ndo heshima kubwa ambayo pazo inaipa sanaa na ndo sababu naipenda kazi hii.

Kinachoniuma ni michoro kukatwa ili iingie kwenye boksi. The Kiss ya Klimt ni mraba, sentimita 180 kwa 180, ukiilazimisha kwenye 70 kwa 50 lazima utupe zaidi ya robo ya mchoro, nimeona zinauzwa hivyo na ile dhahabu ya pembeni haipo kabisa. Kabla hujanunua fananisha picha ya boksi na mchoro mzima, ni dakika moja tu.

Picha za chakula ndo nampa mtu anayeanza na sina wasiwasi. Sababu yake ni kwamba chakula kina mipaka, hapa linaisha chungwa hapa kinaanza kisu, na macho yetu yanatambua chakula haraka, mbegu ndogo za stroberi, mashimo ya mkate uliokatwa, mafuta yanayong'aa juu ya jibini, hata kipande ni kidogo kiasi gani unajua umeshika nini. Ila iwe imepigwa kutokea juu. Picha ya chakula iliyopigwa kwa pembeni, keki iko mbele inaonekana safi halafu nyuma kote kumefifia ule ukungu wa lenzi, ni mtego, unamaliza keki kwa saa mbili halafu unabaki na ukungu wa rangi ya maziwa nusu ya pazo. Mtego mwingine ni peremende zinazofanana, boksi zima la duara zilezile nyekundu, kijani, njano, hapo kila kipande unajua ni nyumba ila nyumba zote ni za aina moja. Na kwa anayependa chakula na sanaa pamoja kuna Arcimboldo, aliyemchora mfalme Rudolf II mwaka 1591 hivi kwa matunda na mboga na maua matupu, pua ni pea, ukipanga unaanza kama unapanga kikapu cha sokoni halafu ghafla uso unakutazama.

Mandhari ya asili ndo yenye udanganyifu mwingi, na hapa nimekosea mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo niliipitisha picha ya jua linazama baharini, nzuri sana, machungwa, waridi, zambarau juu kabisa. Nilijiambia anga linabadilika rangi polepole kwahiyo watu watapanga kwa toni, yaani kutoka rangi iliyokolea kwenda iliyopauka, na kwa anga peke yake hiyo ni kweli, rangi inayobadilika ina mpangilio na ukiwa mvumilivu inapangika. Kitu sikukifikiria ni kwamba maji yalikuwa yametulia kama kioo. Kila toni iliyoko juu ipo na chini, kwahiyo kila kipande kina makazi mawili, na watu walikuwa wanajenga vipande arobaini vya anga vinavyoshikana vizuri kabisa kumbe nusu ni bahari. Tokea siku hiyo picha yenye kivuli kwenye maji naigeuza juu chini kwanza, kama siioni tofauti siipitishi. Monet, yule mchoraji wa mayungiyungi, ana michoro kama 250 ya lile bwawa lake la Giverny kule Ufaransa, na ile ya mwisho mwisho haina ukingo wa bwawa wala upeo, anga iko ndani ya maji, naipenda mno lakini simpi mtu bila kumwambia.

Ukatwaji nao una sehemu yake, nitasema kwa kifupi. John Spilsbury, mchora ramani wa London miaka ya 1760, alibandika ramani kwenye ubao akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia, yaani msumeno ulifuata picha. Leo ni fremu ya visu vya chuma inakandamizwa kwenye kadibodi, na fremu ileile inakata picha nyingi tofauti, kwahiyo kisu hakijui kuna nini juu yake, kinapita katikati ya jicho sawa na katikati ya ukuta. Rangi ikikushinda kabisa rudi kwenye maumbo, ukiacha vya pembeni yapo sita tu kwa idadi na mpangilio wa vichwa, yale manundu yanayochomoza, na matundu yanayovipokea, yatenge mafungu sita, halafu pengo likihitaji vichwa viwili vinavyotazamana unajua fungu gani la kushika.

Sasa hivi mezani kwangu kuna picha ya sakafu ya msitu, uyoga wa rangi ya chungwa, kuvu za kijani, majani makavu, konokono mmoja karibu na katikati. Nimeburuza kikadi karibu kote, ni nyumba, mtaa, nyumba, nyumba, hata majani makavu yana mishipa inayoelekea pande tofauti. Ila kona ya juu kulia lenzi imefifia, kama vipande 60 hivi vya kijani kisicho na kitu. Nimemwandikia mpiga picha kama ana nyingine aliyoipiga akiwa amesimama juu yake moja kwa moja, amesema anatafuta.