Tiba ya wasiwasi kwa kikundi: kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho

Kikao cha tiba ya kikundi kwa watu wenye wasiwasi uliopitiliza huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote mtu wa hapa Kigoma yuko sokoni Mwanga, kwenye daladala ya Ujiji au mwaloni Kibirizi, na huko ndiko wasiwasi unakomkuta. Kwa hiyo kila mshiriki huondoka na kazi ya kwenda kuifanya. Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeasisi miaka ya 1960 tiba ya utambuzi, yaani ile ya kumsaidia mtu kuyapima mawazo yake, aliihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Wasiwasi hulishwa na kukwepa. Anayeiacha daladala iliyojaa kwa kuogopa moyo kwenda mbio hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena kesho. Hapati nafasi ya kuona kwamba moyo ungetulia wenyewe. (Kama mapigo hayo hayajawahi kupimwa, aanze hospitali, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi navyo huleta hali hiyo.)

Tuchukue mfano wa mama muuza dagaa anayeogopa kuzungumza kwenye kikoba chake, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kumwambia "jiamini" ni kumpa maneno matupu. Kazi inakuwa hivi: Jumamosi, kikoba kikikaa, aulize swali moja kuhusu marejesho, kwa sauti yake, bila kumtuma jirani amuulizie. Kabla ya kwenda ataje anachokitarajia: "Nitatetemeka, watanicheka." Aupe wasiwasi wake namba, kuanzia 0 hadi 10. Akirudi ajihoji: nani alicheka? Mwenyekiti alijibuje? Huenda akakuta kwamba kutetemeka alitetemeka kweli, ila swali lilijibiwa na wenzake wakaendelea na hesabu zao. Kwangu mimi hilo lina faida kuliko angekwenda akawa mtulivu, maana sasa anajua kutetemeka hakumzuii kusema.

Kuna pia vikinga vidogo vya kuviangalia: kuziba mdomo kwa pindo la kanga, kusema harakaharaka ili yaishe. Huko nako ni kukwepa. Zamu inayofuata anauliza tena, safari hii kanga ikiwa begani.

Kikundi kina msaada ambao mshauri peke yake hana. Washiriki wenzake ndio wanaojua jinsi vikoba vinavyoendeshwa, na ndio watakaomwambia kama kazi aliyojipangia ni nyepesi mno au inamzidi. Lakini sharti kikao kijacho kianze kwa kuulizana kazi zilikwendaje. Mwezeshaji anayegawa kazi halafu asiiulizie, wiki ya tatu hatakuta mtu aliyeifanya.

Kuandika si lazima. Daftari la nyumbani husomwa na kila mtu, na wapo wasiopenda kuandika kabisa; alama kwenye kalenda zinatosha.

Asiyefanya kazi asikemewe, wala asipitwe kimyakimya. Wengi wetu tulisoma kwa viboko, na mtu akiona aibu hiyo inamrudia, wiki inayofuata haji. Aulizwe alifika wapi akarudi. Kama alifika mlangoni pa kikoba akageuza, basi wiki hii kazi yake ni kuingia, kuketi na kukaa mpaka kikao kiishe, bila kuuliza chochote.