Damu ya kaka haitauzoesha mwili wako figo yake

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana ambaye kreatinini yake (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyoshindwa) inapanda kila kipimo: "Daktari, kwa nini msiniongezee damu ya kaka kwanza, mwili uizoee, ndipo mnipandikize figo yake? Si dawa za kutuliza kinga nitaachana nazo?" Kaka alishakubali kutoa chupa moja. Nimechoka kulisikia jambo hili, kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo nusunusu ndio unaowaumiza watu.

Mwaka 1973 watafiti Opelz na Terasaki walionyesha kwamba figo za marehemu zilidumu zaidi kwa wagonjwa waliokuwa wameshaongezewa damu. Wengine wakaanza kuongezewa makusudi. Miaka ya 1980 ikaja saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, faida ile ikafifia. Hatari ikabaki.

Na hatari ndiyo hii. Chembe nyeupe za mchangiaji zimebeba HLA zake, yaani alama za utambulisho zilizo juu ya seli. Kinga yako ikikutana nazo zikiwa hai, inaweza kuzitengenezea kingamwili, protini za kuzishambulia. Ndiyo maana mama aliyezaa mara tatu huweza kushindwa kupokea figo ya mumewe: mimba zilishaifundisha kinga yake kumtambua. Maabara tunachukua seramu ya mgonjwa (maji ya damu yenye kingamwili), tunaichanganya na limfosaiti za mchangiaji (aina ya chembe nyeupe), tunaongeza komplimenti (protini zinazosaidia kingamwili kuua seli), kisha rangi, tunatazama kwa hadubini. Limfosaiti zikiwa zimekufa na kunywa rangi, figo hiyo haipandikizwi hivihivi. Nimeshatoa majibu hayo huku mchangiaji ameketi pembeni, vipimo vyake vingine vyote safi. Kukaa wiki mbili tatu hakufuti kingamwili hizo.

Kinachofanyiwa utafiti ni kitu kingine kabisa. Huko Heidelberg, Ujerumani, ambako Opelz huyohuyo alikwenda kufanya kazi, mchangiaji aliye hai huunganishwa na mashine inayochukua chembe nyeupe na kumrudishia damu iliyobaki. Chembe hizo hulowekwa katika mitomaisini C, dawa ya saratani inayofunga nyuzi za DNA zisiachane, hivyo seli haiwezi tena kugawanyika. Husafishwa, kisha hutiwa kwenye mshipa wa mgonjwa siku 7 au 2 kabla ya upasuaji. Kinga inakutana na HLA zilezile, lakini kwenye seli zinazokufa bila kupiga kelele. Seli inayokufa kimya mwili huipokea kama taka za kila siku, hauitangazii vita. Tofauti yote imo hapo, na chupa ya kaka haina hata chembe ya maandalizi hayo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: wagonjwa 10. Waliopewa siku 7 kabla walionyesha ongezeko kubwa la seli B (kundi la chembe nyeupe) za aina inayotuliza kinga. Natamani sana hili lifanikiwe, maana naona takrolimusi, dawa nyingine ya kutuliza kinga, inavyoziumiza figo zilezile inazozilinda. Lakini watu 10 ni wachache, na seli B hizo huenda ni dalili tu ya utulivu, si chanzo chake. Dawa zenyewe zilipunguzwa, hazikufutwa. Anayeacha zake leo kwa sababu ya habari hii yumo hatarini kuipoteza figo.

Kijana nimemwambia kaka asitoe ile chupa kwa ajili yake. Upungufu wa damu tutautibu kwa sindano za erithropoietini, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, na madini ya chuma. Ikilazimika aongezewe, aulize kama damu hiyo imechujwa chembe nyeupe, na aulize kabla haijatundikwa.