Simu, Mionzi na Ubongo wa Mtoto: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Juzi kwenye benchi la kliniki ya watoto, mama mmoja alikuwa ananyonyesha huku simu ameichomeka kwenye sidiria, karibu kabisa na kichwa cha mtoto. Nikamwomba aitoe. Akashtuka: "Kwani imeshamdhuru, nesi?" Wanaoniuliza hivyo ni wengi, nikaona bora niyaandike majibu.

Mionzi ya simu ni sawa na ya eksirei?
Hapana. Eksirei ina nguvu ya kuchomoa elektroni kwenye atomu na kuharibu vinasaba. Simu na waifai hutumia mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu hiyo. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, na kuna kikomo ambacho simu haitakiwi kukivuka: kwa kichwa, Ulaya ni wati 2 kwa kila kilo ya tishu, Marekani wati 1.6.

Mbona tunasikia inaleta saratani ya ubongo?
Mwaka 2011, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Hilo "huenda" watu wakisimuliana huwa wanaliacha njiani. Baadaye utafiti wa MOBI-Kids ulifuatilia suala hili katika nchi 14, kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, na haukupata ushahidi kwamba simu inaleta uvimbe wa ubongo. Mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka mwaka 2024, nayo hayakuona uhusiano huo.

Sasa kwa nini ulimwambia aitoe?
Kwa sababu mtoto mchanga si kijana wa miaka 10. Fuvu lake ni jembamba na ubongo wake una maji mengi zaidi, hivyo simu ikigusa kichwa mawimbi huingia ndani zaidi. Tena ataishi na vifaa hivi miaka mingi kuliko sisi. Na kinga yake haina gharama: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi karibu robo. Weka simu kwenye mkoba au mezani, usiiweke chini ya mto wake. Mtandao ukisoma kijiti kimoja, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, kwa hiyo wakati huo usimpe mtoto aongee na bibi simu ikiwa sikioni. Weka spika. Ufaransa, kwa tahadhari hiyohiyo, mwaka 2015 ilipiga marufuku waifai kwenye vyumba vya kulelea watoto wa chini ya miaka 3.

Na mnara ulio jirani na shule?
Mawimbi yake hupungua sana kabla ya kukufikia. Kwa kawaida simu iliyo sikioni hukipa kichwa mawimbi mengi kuliko mnara.

Basi nimwachie katuni ili atulie?
Hapa ndipo mimi ninapopata hofu ya kweli, na wala si ya mionzi. Mtoto akisema "ba", ukamjibu "ba-ba" huku unamtazama, ubongo wake unajenga njia za lugha. Simu haimsubiri wala haimjibu alichosema. WHO mwaka 2019 ilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Ilishauri pia mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na katuni za saa nne usiku ndizo zinazoula usingizi huo. Mkiwa foleni, mpe kijiko na kikombe agonge, au mwimbie.

Yule mama aliitia simu kwenye mkoba, akausogeza mkoba mwisho wa benchi. Mtoto akaachia titi, akamkodolea macho. "Umeshiba, baba?" mama akamuuliza. Naye akajibu kwa lugha yake, kwa sauti, benchi zima tukasikia.