Fatwa Ilikuwa ya Kweli

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mwenzangu wa historia, kwamba propaganda ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni uongo tu, na walioifuata enzi hizo hawakuwa na elimu. Linaniuma, maana linawageuza babu zetu kuwa wajinga. Nimelijibu barazani mara nyingi kwa mkato, leo naliandika.

Chukua fatwa ya 1914, hukumu ya kidini iliyowaita Waislamu kwenye jihadi. Tarehe 14 Novemba ilisomwa hadharani katika Msikiti wa Fatih, Istanbul. Haikughushiwa. Mustafa Hayri Efendi aliyeitoa alikuwa Sheikhul-Islam halali, yaani mufti mkuu, wa dola ya Osmania ya Waturuki, na aliiandika kwa mtindo ambao kadhi yeyote angeutambua: swali, kisha jibu fupi la kukubali. Maswali matano. Aliyefundishwa kuwinda uongo angeisoma yote na kurudi mikono mitupu.

Lakini soma swali la tano. Waislamu walio chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi wakipigana na Ujerumani na Austria, je, wanatenda dhambi kubwa? Ndiyo. Yaani jihadi dhidi ya makafiri, lakini makafiri wawili wamekingwa kwa majina! Mkataba wa siri wa Waosmani na Ujerumani ulikuwa umetiwa saini tangu tarehe 2 Agosti.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hupapita mbio, nami huwarudisha. Kwenye fatwa muulizaji hatajwi. Ni desturi nzuri. Humsitiri mtu aliyekwenda kwa shekhe na shida ya ndoa au mirathi. Mwaka 1914 sitara hiyohiyo iliisitiri serikali. Kilichoazimwa hakikuwa jina la shekhe peke yake. Yaliazimwa mazoea ya muumini, aliyezoea kuamini kwamba nyuma ya swali yupo mtu kama yeye anayetafuta haki.

Uingereza nayo ilikimbilia ghala lilelile la majina ya wakubwa wa Kiislamu. Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismaili, aliwataka Waislamu wabaki watiifu kwa Waingereza. Unguja, Sultani Sayyid Khalifa bin Harub aliwasihi Waislamu wa Afrika Mashariki vivyo hivyo. Usiniambie alilazimishwa tu. Nchi yake ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, naye alikuwa na kiti cha kukilinda. Tena alikuwa Ibadhi, akisema na watu wa pwani ambao wengi wao ni Sunni wa madhehebu ya Shafii. Kwa hiyo kwao uzito wake haukuwa wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya dini. Ulikuwa wa heshima ya ukoo na kiti, na heshima ya namna hiyo haihami nzima-nzima kutoka jambo moja kwenda jingine. Sharifu Hussein, aliyetawala Makka chini ya Waosmani, aliombwa nao aiunge mkono jihadi hadharani, akakwepa, na Juni 1916 akawaasi Waosmani wenyewe.

Vitabu husema fatwa ilishindwa kwa sababu maasi makubwa hayakutokea. Hukumu hiyo siiamini sana, na siwezi kuipindua. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, wengi wao Waislamu, walipigana hadi Novemba 1918. Lakini walikuwa pia na ahadi ya mshahara, wake zao kambini na hadhi ya kubeba bunduki. Nyaraka ninazozisoma ziliandikwa zaidi na maofisa walioiogopa jihadi. Zinanionyesha hofu yao waziwazi. Askari aliyeisikia fatwa ikitafsiriwa kwa Kiswahili, kisha akarudi zamu, hakuandika kitu.