Kumlaki Bwana na siku za kazi tunazodaiwa

Mwezi Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alitangaza kwamba Kanisa litanyakuliwa tarehe 23 au 24 ya mwezi huo, na maneno yake yakasambaa kwa video fupi hadi kwenye vikundi vya WhatsApp vya sharika zetu. Fundi cherehani mmoja ninayemfahamu, mama wa makamo ambaye fremu yake iko hatua chache kutoka kanisa ninalohudumu siku za Jumapili, alifunga kazi siku kumi kabla ya tarehe hiyo. Ndani alikuwa ameacha vitambaa vyeupe vya gauni za kipaimara, vimekwisha kukatwa, vimefungwa mafungu mafungu, kila fungu na kikaratasi chake chenye jina la mtoto na vipimo. Wazazi walikuwa wametanguliza nusu ya malipo. Msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake alifika kila asubuhi, akaketi kizingitini mpaka saa sita, kisha akarudi kwao.

Kazi yangu ya wiki nzima ni kufundisha Agano Jipya na Kigiriki chake katika chuo cha theolojia. Tarehe zile zilipokwisha kupita, mama huyo alinijia akaniuliza, bila ukaidi wowote: "Mchungaji, mtu anayemngoja Bwana kwa kweli, ashone ya nini?" Ni swali zito kuliko linavyoonekana, na lina umri wa karibu miaka elfu mbili, kwa kuwa washirika wa Thesalonike walikuwa nalo kabla yetu.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike waraka wa kwanza kutoka Korintho, yapata mwaka 50 au 51. Tunaweza kuusogelea mwaka huo kwa karibu hivyo kwa sababu kitabu cha Matendo kinamtaja Galio, liwali wa Akaya, wakati wa kukaa kwake Korintho, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi yanauweka uliwali wa Galio kwenye mwaka 51 au 52. Maana yake ni kwamba waraka huu ni miongoni mwa maandiko ya Kikristo ya zamani kuliko yote tuliyo nayo, na kila sura kati ya sura zake tano inagusa kuja kwa Bwana. Katika sura ya kwanza Paulo anaeleza kuongoka kwao kwa vitenzi viwili vilivyofuatana: walimgeukia Mungu "kumtumikia" na "kumngojea" Mwanawe kutoka mbinguni. Hakusema watumikie mpaka watakapoanza kungoja, wala wangoje wakishamaliza kutumikia. Vitenzi hivyo viwili vimefungwa nira moja, na sioni namna ya kukifungua kimoja bila kukilemaza kingine.

Neno ambalo Paulo analitumia kwa kuja huko ni parusia, yaani kuwapo au kufika, na watu wa miji ya Kigiriki walilijua vizuri, kwa kuwa ndilo lililotumika mfalme au mkubwa wa dola alipofika kuutembelea mji. Mgeni wa namna hiyo hakungojwa mlangoni. Mwanahistoria Yosefo anasimulia kwamba watu wa Antiokia waliposikia Tito, jemadari wa Rumi, anakaribia hawakuvumilia kubaki ndani ya kuta, bali walitoka zaidi ya stadia 30, ambazo ni kilomita tano na ushee, wakaenda kumpokea, kisha wakaongozana naye kurudi mjini. Mapokezi ya aina hiyo Wagiriki waliyaita apantesi, na neno hilo ndilo lililoko katika 1 Wathesalonike 4:17. Tunalikuta tena katika mfano wa wanawali kumi, na katika safari ya Paulo, ndugu wa Rumi walipotoka kwenda kukutana naye Soko la Apio na Mikahawa Mitatu.

Hapa Kiswahili kimetutendea wema ambao lugha nyingi haziujui. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilisema "ili tumlaki Bwana hewani", na kila aliyekulia kwetu anajua kulaki ni nini. Tunamlaki mgeni kwa kutoka nje, tunampokea mzigo, tunarudi naye nyumbani. Aliyekwenda kumlaki mgeni stendi hakuondoka nyumbani moja kwa moja. Ameacha uwanja umefagiwa, maji yamo mtungini na chungu kiko jikoni, kwa maana mgeni anakuja kwake. Nikiisoma aya hiyo kwa masikio ya Kiswahili, ninaona kazi ya nyumba ni sehemu ya mapokezi yenyewe, na sielewi jinsi mtu anavyoweza kuisoma kama ruhusa ya kuiacha nyumba ichakae.

Lakini wapo waliosoma vingine, hata Thesalonike. Katika waraka wa kwanza Paulo anasema, "waonyeni wale wasiokaa kwa utaratibu", na katika waraka wa pili sauti inakuwa kali zaidi. (Wapo wataalamu wanaodhani waraka wa pili uliandikwa na mwanafunzi wake, mimi nauona ni wa Paulo, ingawa hoja yangu hapa haitegemei jambo hilo.) Neno la Kigiriki lililotafsiriwa kuwa kukosa utaratibu lilitumika kwanza kwa askari aliyetoka kwenye safu. Kwa muda mrefu wafasiri walilichukua kama lawama ya jumla kuhusu mwenendo mbaya, mpaka mafunjo ya Oxyrhynchus, Misri, yaani maandishi ya kale ya Kigiriki yaliyofukuliwa huko, yalipoanza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19.

Miongoni mwake umo mkataba wa mwaka 66, ambao kwangu ni hazina. Mtu aitwaye Trifoni anampeleka mwanawe Thooni, ambaye bado hajafikia umri, kwa Tolemayo mfumaji, ajifunze kufuma kwa mwaka mmoja. Mfumaji atatoa drakma tano kila mwezi za chakula cha kijana na drakma 12 za mavazi mwishoni. Kisha linafuata sharti kwamba siku zote ambazo kijana atakosa kazini, baba atamleta azifidie baada ya mwaka kwisha, au atalipa drakma moja ya fedha kwa kila siku. Kitenzi cha "kukosa kazini" katika sharti hilo kinatoka katika mzizi uleule alioutumia Paulo. Msomaji wa Thesalonike aliyewahi kufanya kazi ya mikono angeweza kusikia mara moja kwamba mtume anazungumza juu ya siku ambazo mtu alipaswa kuwapo kazini naye hakuwapo, na kwamba siku hizo zina mdai.

Sitaki kulikuza jambo kuliko maandiko yanavyobeba. Paulo hasemi waziwazi kwamba watu wale waliacha kazi kwa sababu ya parusia. Wapo watafiti wanaoeleza kwamba walikuwa wamezoea maisha ya kuwategemea wakubwa wenye mali, kama wengi walivyofanya katika miji ya dola ya Rumi, na maelezo hayo yana nguvu yake. Hata hivyo waraka wa pili unataja watu waliofadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na katika waraka huohuo wanaonywa wale ambao hawana shughuli zao wenyewe bali wanajishughulisha na mambo ya wengine. Mimi naona vigumu kuamini kwamba fadhaa ile na uvivu ule havikujuana kabisa.

Linalonigusa zaidi ni kwamba aliyeandika kwa shauku kuu kuliko wote kuhusu kuja kwa Bwana, aliyejihesabu mwenyewe miongoni mwa "sisi tulio hai, tuliosalia", ndiye aliyefanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Kazi yake ilikuwa kushona mahema, na nyaraka zilizojaa tumaini zilitoka kwa mtu mwenye vidole vigumu.

Bwana mwenyewe alipochora picha ya mtumwa mwaminifu katika Mathayo 24, alimweka jikoni na ghalani: ni yule aliyewekwa juu ya nyumba ili "awape watu chakula kwa saa yake". Siwezi kuisoma aya hiyo tena bila kuikumbuka Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi, baada ya waumini kufundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Kesi ni ya mahakama. Ila sisi tunaofundisha Maandiko tuna wajibu wetu, nao ni kusema mbele ya sharika, kwa sauti inayosikika, kwamba katika mfano wa Kristo anayengoja vizuri ni yule anayemlisha mtoto kwa saa yake, na kwamba mafundisho yanayomnyima mtoto chakula kwa jina la kuja kwa Bwana yamekwisha kuhukumiwa na aya hiyo.

Aya nyingine inayotumiwa vibaya ni ile ya "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula". Nimeisikia ikirushwa kwa vijana waliozunguka na vyeti vyao mwaka mzima bila kupata kazi, na hata kwa wazee. Paulo aliandika hataki. Hakuandika hawezi, wala hakuandika hajapata, na mistari mitatu tu baadaye anawaambia ndugu walewale wasikate tamaa katika kutenda mema. Mwenye kuitumia aya hiyo kufunga mkono wake ameisoma nusu.

Nilimrudia yule mama nikamsomea mkataba wa Trifoni, nikiutafsiri mstari kwa mstari, yeye ameketi kwenye cherehani na mimi kwenye benchi la wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kijana yule alidaiwa siku ngapi. Nikamwambia mkataba hausemi, unaweka sharti tu. Akamtazama msichana aliyekuwa akipiga pasi pembeni, akahesabu kwa vidole. "Huyu hakukosa hata siku moja," akasema. "Aliyekosa ni mimi. Namdai nini? Yeye ndiye anayenidai siku kumi." Mwezi wa mafunzo ulipokwisha alimwongezea siku hizo kumi bila ada, akamfundisha kushona kola, kazi ambayo hakuwa amepanga kumfundisha mwaka ule. Gauni ya mwisho ya kipaimara ilichukuliwa Jumamosi jioni, saa chache kabla ya ibada, ikiwa bado ina joto la pasi.