Oveholi si ringi mpya

Kila pikipiki inayouzwa Tanga siku hizi "imefanyiwa oveholi." Boxer yenye bango la karatasi kwenye taa kule Ngamiani, imefanyiwa oveholi. SanLG iliyoegeshwa chini ya mwembe Chumbageni, nayo imefanyiwa oveholi juzijuzi, kiki moja tu inaitika. Ukimuuliza mwenyewe, "Kaka, kilibadilishwa nini?" anajibu bila kusita: "Ringi." Ukiuliza na nini tena, anarudia ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ila kwa sauti zaidi.

Oveholi ni kuifungua injini yote mpaka kranki, yaani mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, itoke nje, kuosha na kupima kila kipande, kubadili kilichopita kipimo, kisha kuifunga upya. Basi. Maneno ya kushika hapo ni mawili, "yote" na "kupima", na ndiyo hayo yanayorukwa.

Neno ni la Kiingereza, ila halikuzaliwa gereji. Lilizaliwa chomboni, na kwa hiyo watu wa Tanga na Bagamoyo tungetarajiwa kulielewa kuliko wa bara. Tanga zito la chombo hutwekwa kwa kamba inayopita kwenye makapi mawili, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Ukivuta, makapi yanasogeleana. Ukizidi kuvuta, yanagusana, na hapo kamba imekwisha kazi yake, haivutiki tena hata mkiwa watu kumi. Ili itumike upya, mabaharia wa Kiingereza waliivuta kinyume, makapi yatengane na kamba ilegee. Kuvuta ni "haul". Kuvuta kwa kurudisha hivyo ndiko walikokuita "overhaul". Sasa kamba ikirudi namna hiyo inapita mkononi pima kwa pima, tangu ncha hadi ncha, na mkono hauwezi kukosa palipolika wala palipooza. Ndiyo maana kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 neno lilishatoka kwenye kamba likawa na maana ya kukifumua kitu ili kukikagua. Mafundi wa mitambo walilikuta limeiva.

Pwani hii ina tendo hilohilo bila kuazima jina. Jahazi hupandishwa mchangani maji ya bamvua, na yakipwa fundi huanza kukalafati: hung'oa pamba ya zamani katikati ya mbao, hushindilia mpya iliyolowa mafuta, kisha chini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Fundi hupita kila mshono. Hakuna nahodha atakayetia pamba ubao mmoja wa ubavuni halafu atangaze chombo kimekalafatiwa, maana abiria wake wanajua kuogelea lakini si kwa kupenda. Kwenye pikipiki tunatangaza.

Nusu ya kero ni matamshi. Wapo wanaosema "ovaroli", na wapo wanaoiandika hivyo kabisa kwa rangi nyekundu mlangoni. Ovaroli ni ile nguo ya fundi, yenye zipu na mfuko wa spana, na inatokana na maneno mengine ya Kiingereza yenye maana ya kufunika vyote. Kuna mantiki ya kuchekesha ndani ya kosa hilo, kwa sababu kazi nyingi zinazoitwa oveholi kweli ni nguo: injini inavishwa pistoni mpya juu na kilicho chini kinabaki kilivyo. Vilevile "kushusha injini" si kisawe cha oveholi. Kuishusha ni kuitoa kwenye fremu tu. Unaweza kuishusha, ukapiga rangi, ukairudisha. Ila kinyume chake kinasaidia kama kipimo. Injini hizi za cc 125 na 150 haziwezi kupasuliwa kesi, yaani maganda mawili yanayoshika kranki, zikiwa bado kwenye fremu. Kama injini haikushuka, oveholi haikufanyika, hata fundi akiapa.

Sevisi tuipite haraka: oili, plagi, filta ya hewa, tapeti, mnyororo. Injini yenyewe haifunguliwi.

Ringi ndipo pa kukaa. Pikipiki ikianza kutoa moshi wa bluu, ushauri wa kijiweni ni "badili ringi." Kwanza tazama moshi unatoka lini. Ukitoka unapoongeza mafuta, hasa kwenye mlima, ringi na bloku, ile silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni watuhumiwa halali. Ukitoka asubuhi inapowaka kisha ukakatika, au unapofungua mafuta baada ya kuteremka umeyafunga, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo zipo kwenye hedi, kile kichwa kinachokaa juu ya bloku. Ringi mpya hazitagusa tatizo.

Tuseme ni ringi kweli. Toa ringi mpya ya juu, itie peke yake ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni iteremke kama sentimita 2 na ilale sawasawa, kisha ingiza fila geji, yale mabati membamba ya kupimia, kwenye mwanya ulio kati ya ncha zake. Kwa bloku ya kipenyo cha milimita 56.5, ile ya 125 yenye muundo wa Honda CG ambao Wachina wameuzalisha kwa majina chungu nzima, mwanya wa milimita 0.15 hadi 0.35 ni wa kawaida. Ukipata 0.6 na ringi umeitoa kwenye pakiti sasa hivi, ringi haina kosa. Bloku imepanuka. Hesabu yake ni ya duara tu: kipenyo kikiongezeka milimita 0.1, mwanya unaongezeka mara tatu na ushei, yaani kama 0.3. Kwa hiyo fila geji ya bei ndogo inakusomea uchakavu wa bloku kabla hujaenda kwa mwenye geji kubwa. Pima pia karibu na chini, ambako ringi hazifiki. Juu ikiwa 0.6 na chini 0.3, bloku imelika juu tu, na ukipitisha kucha utasikia ngazi pale ringi ya juu inapogeukia. Ringi mpya ina kona kali. Ikigonga ngazi hiyo inavunjika, na kipande kinaichana bloku kwa mistari ya kusimama.

Dawa ya bloku iliyopanuka ni kuichonga kwa mashine na kutia pistoni kubwa. Saizi huenda kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Nunua pistoni kwanza, mpe mchongaji mkononi, achonge bloku kuifuata pistoni hiyo, si namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwani pistoni mbili za boksi moja hazilingani sana kama tunavyodhani. Mwanya kati ya pistoni na bloku uwe kama milimita 0.02 hadi 0.04. Ukibana kuliko hapo, injini ikipata moto inakamata njiani, na tairi la nyuma linakwama nayo. Bloku ikitoka kuchongwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, ifutwe kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoshi: inayeyusha mafuta na kuacha unga wa jiwe la mashine umekaa kwenye mikwaruzo, nao utazimaliza ringi zako mpya polepole. Maandishi madogo ya ringi yatazame juu, mianya itawanywe kwa theluthi za duara, na alama ya pistoni ifuate upande ambao mtengenezaji ameutaja.

Na valvu zisagwe, hedi ikiwa tayari iko mezani. Mwaga petroli kidogo kwenye njia ya hewa, subiri dakika chache. Ikivuja upande wa chumba cha moto, bado hazijakaa.

Hiyo yote, ikifanywa vizuri kabisa, ni kazi ya sehemu ya juu ya injini. Ni kazi ya heshima na pikipiki nyingi hazihitaji zaidi. Lakini si oveholi, na ubishi huu si wa maneno matupu. Bloku mpya inarudisha mgandamizo. Mlipuko ambao zamani ulikuwa ukipenya pembeni ya ringi sasa wote unashuka kwenye konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, na beringi zilizozeeka pamoja na bloku ile ya mwanzo. Ndiyo maana pikipiki "iliyofanyiwa oveholi" inaweza kuvuta vizuri wiki chache, kisha ikaanza kugonga ikipanda kutoka Muheza kwenda Amani. Mwenyewe analaumu pistoni bandia. Wakati mwingine ni bandia kweli. Mara nyingi chini hakukutazamwa.

Kutazama chini, bloku ikiwa imeshatolewa, hakuchukui muda. Zungusha kranki mpaka konrodi ifike juu kabisa. Zuia kranki isizunguke, shika konrodi kwa vidole vya mikono miwili, ivute juu na isukume chini, wima, bila kuiyumbisha. Isiwe na mchezo hata kidogo. Ukisikia "tk", hata ndogo, ile beringi ya chini imekwisha. Sasa isogeze pembeni, kushoto na kulia: hapo itacheza, na ni lazima icheze. Mchezo wa pembeni ndio unaowapotosha wengi. Kuna anayebadili konrodi nzima kwa sababu yake, na kuna anayepuuza ule wa wima akidhani ni huohuo.

Ikiwa imekwisha, ndipo oveholi inapoanza. Kesi zinapasuliwa. Kranki za pikipiki hizi zimeshindiliwa kwa presi, hazina bolti, kwa hiyo konrodi haitolewi kwa nyundo. Inapelekwa kwenye presi, na baada ya kurudishwa kranki inazungushwa kati ya ncha mbili na kupimwa kwa geji ya saa hadi inyooke. Isiponyooka, utaisikia miguuni, kwenye vikanyagio, mtetemo usioisha kwa kubadili raba, na beringi za pembeni zitakufa mapema. Kwa kuwa giaboksi imo ndani ya kesi hizohizo, meno ya gia hukaguliwa sasa: gia inayoruka imelika kona zinazong'ata, na kubadili klachi hakutaifanya ing'ate. Sili zote na gasketi zote ni mpya. Injini za CG zina kichujio cha oili kinachozunguka na kranki, nyuma ya kifuniko cha klachi. Ndani utakuta tope jeusi zito kama lami. Kikiachwa nalo, uchafu wa injini ya zamani unahamia kwenye injini mpya.

Oili ya kwanza baada ya hapo huingia zaidi kidogo kuliko ile lita 1 ya kawaida, maana hata iliyojificha imetoka. Imwagwe ikifika kama kilomita 300 hadi 500, na katika masafa hayo usifungue mafuta hadi mwisho wala kukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Ukiona oili imemetameta kidogo, ni vyuma vinavyozoeana. Ukiona vipande vinavyoshikika, zima.

Na chanzo cha yote, aghalabu, ni filta ya hewa iliyotolewa ili "ipumue", au iliyooshwa kwa petroli na kurudishwa bila oili. Vumbi la barabara za mashambani likichanganyika na oili ni jiwe la kunolea.

Kwa hiyo, kaka unayeuza, bango lako halina haja ya neno kubwa. Andika: "Bloku imechongwa, pistoni 0.50, valvu zimesagwa, konrodi haichezi, chini haijafunguliwa." Anayejua pikipiki atakupa bei nzuri kwa sentensi hiyo kuliko kwa oveholi. Na kama ni ringi tu, andika ringi.