Enteili: hati iliyowanyima urithi mabinti wa Downton Abbey

Ni Aprili 1912. Ghorofa ya chini, gazeti la asubuhi linapigwa pasi ili wino ukauke usimchafue bwana vidole, na watumishi wanaolishika ndio wa kwanza kujua kwamba meli ya Titanic imezama. Ghorofa ya juu, Robert Crawley, Earl wa Grantham (Earl ni cheo cha kurithi cha makabaila wa Uingereza), anafungua telegramu: binamu yake James na Patrick, mtoto wa James, wamekufa majini. Nyumba nzima inataharuki. Mtazamaji mgeni wa Downton Abbey, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, hubaki anajiuliza kulikoni, maana Earl mwenyewe ni mzima, ana mke, na ana mabinti watatu wakubwa, Mary, Edith na Sybil. Binamu akifa, mwenye nyumba anatikisika kwa lipi?

Kinachomtikisa ni enteili, kitu ambacho wahusika wanakitaja tangu sehemu ya kwanza bila kuhangaika kukifafanua.

Enteili ni kifungo cha kisheria kinachowekwa juu ya ardhi ili irithiwe kwa mstari mmoja uliopangwa mapema, mara nyingi mstari wa wanaume peke yao. Ardhi hiyo haiachwi kwa wosia wala haigawanywi kwa watoto. Anayeikalia leo anakula matunda yake: anapokea kodi za wakulima waliopanga mashamba, analala kwenye jumba, anaitwa bwana. Lakini siku akifa, mali haiulizi yeye alimpenda nani. Inamfuata mtu anayelingana na maelezo ya hati, hata kama hawajawahi kuonana. Waliolingana na maelezo hayo walikuwa James na Patrick; wakishakufa, ndivyo Matthew Crawley, jamaa wa mbali na wakili wa Manchester anayefanya kazi kwa mshahara, anavyojikuta mrithi wa jumba ambalo hajawahi kulikanyaga.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja ataona hapo sura ya wakfu wa familia, na hajakosea sana: nyumba inafungwa isiuzwe, vizazi vinapita ndani yake. Ila wakfu wa namna hiyo huwekwa ili wana ukoo wapate pa kujisitiri, na ukoo ukikatika mali huishia kwenye jambo la kheri. Enteili humtafuta mtu mmoja tu katika kila kizazi. Wengine wote ni wageni wake.

Ili kuifuata tamthilia, tenganisha mambo matatu ambayo wahusika huyazungumza kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna cheo cha Earl, ambacho hushuka kwa hati ya mfalme, na karibu kila mara kwa wanaume tu. Hakiuzwi, na enzi hizo hata kukikataa haikuwezekana, mpaka sheria ya mwaka 1963. Kuna ardhi na jumba, vilivyofungwa kwa enteili. Halafu kuna fedha, na hizo ni za Cora, mke wa Earl, Mmarekani kutoka Cincinnati ambaye baba yake alitajirika kwa biashara ya nguo na bidhaa za dukani.

Sasa hapa watu wengi huilaumu sheria bure. Husikika wakisema kwamba sheria ya Uingereza haikumruhusu mwanamke kurithi ardhi. Sivyo. Hadi mwisho wa 1925, mtu akifa bila wosia ardhi yake ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, hilo ni kweli. Lakini kama hana mtoto wa kiume, mabinti wote walirithi pamoja, sawa kwa sawa, na walitangulia mbele ya ami, binamu na kila jamaa wa mbali. Zaidi ya hapo, mwenye ardhi isiyofungwa aliweza kuandika wosia akamwachia amtakaye, hata mpishi wake. Bila ile hati, Mary na wadogo zake wangesimama mbele ya Matthew kwa umbali mkubwa. Wazee wao wenyewe ndio waliowaondoa kwenye foleni, kwa kalamu na muhuri, na bunge halikuwalazimisha.

Basi hati haikuweza kuvunjwa? Historia yake ni ndefu na ina vituko. Mwaka 1285, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria ya kulinda mapenzi ya anayetoa ardhi, ili mpokeaji asiitapanye. Mawakili hawakuchoka kutafuta tundu. Kufikia karne ya 15 walishalipata, na shauri maarufu la mwaka 1472 likaonyesha njia: mwenye ardhi anapanga na rafiki amshtaki kwa uongo kwamba ardhi si yake, yeye anamwita mdhamini, mdhamini, ambaye baadaye mara nyingi alikuwa mpiga mbiu wa mahakama asiye na mbele wala nyuma, anaondoka ukumbini na harudi, hakimu anampa rafiki ushindi, na kifungo kimekatika. Kila mtu mahakamani alijua ni mchezo wa kuigiza. Uliendelea hivyo kwa karne kadhaa, hadi bunge lilipoufuta mwaka 1833 na kuweka hati ya kawaida ya kufungulia.

Koo kubwa nazo hazikulala. Katika karne ya 17 mawakili wao walibuni kufuli gumu zaidi: baba anapewa ardhi kwa muda wa uhai wake tu, na umiliki wenyewe unawekewa mtoto ambaye pengine bado hajazaliwa, huku wadhamini wakilinda njiani. Kwa mpango huo baba peke yake hana cha kufungua. Akitaka kubadili lolote anamhitaji mtoto aliyefikisha miaka 21.

Na hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Kijana ametimiza miaka 21, sherehe imekwisha, wapangaji wameshakula na kunywa. Mfukoni hana kitu, na anataka kuishi kwa heshima ya jina lake. Baba anamwita chumba cha vitabu, wakili yupo, karatasi ziko mezani. Saini hapa, upate posho ya kila mwaka. Kijana anasaini, na kwa saini hiyo mali inafunguliwa kwa dakika chache na kufungwa upya: sasa yeye naye ni mkaaji wa maisha tu, na mwenye mali ni mwanawe atakayezaliwa siku moja. Kizazi baada ya kizazi, kila mrithi alishawishiwa kujifunga mwenyewe.

Robert hana mtoto wa kiume wa kumwita chumba cha vitabu. Wa kushirikiana naye ni mrithi wa mbali, na ni mrithi gani atakayeweka saini ya kujinyima? Kwa maoni yangu tamthilia inapita haraka mno hapa. Inamleta wakili Murray atamke kwamba haiwezekani, yaishe. Kinachoonyeshwa vizuri ni kwamba Robert hata moyo wa kuivunja hana. Mama yake, Violet, ndiye anayetaka vita. Robert anajiona mlinzi wa Downton, na mlinzi hauzi lindo.

Kinachouma zaidi ni fedha za Cora. Baba yake Robert alihakikisha kwamba fedha hizo alizokuja nazo Cora kutoka Marekani zinafungwa pamoja na mali ya ukoo. Kwa hiyo mabinti wanakosa ardhi ya baba, na fedha za mama pia zinakwenda kwa Matthew. Hili halikubuniwa hewani. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilishusha bei za mazao na kodi za mashamba Uingereza, na mwaka 1894 ikaongezeka kodi mpya ya mirathi, ambayo kufikia 1919 ilifika asilimia 40 kwa mali zinazozidi pauni milioni 2. Majumba yakawa yanatafuta wake wenye fedha. Consuelo Vanderbilt wa New York aliolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1895. Mwaka huohuo Earl wa Carnarvon alimwoa Almina, aliyekuja na fedha za tajiri wa benki Alfred de Rothschild. Jumba lao ni Highclere, ndilo lililotumika kupigia picha za Downton, na utajiri huo ndio uliosaidia kugharimia uchimbaji uliofikia kaburi la Tutankhamun mwaka 1922.

Watumishi nao wana hisa kwenye kifungo hiki, ingawa majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote. Mali ikigawanywa mara tatu, hakuna kipande kitakachoweza kumlisha Carson, mkuu wa watumishi, na kundi lote lililo chini yake. Tazama Matthew anapofika kijijini na kupewa Molesley wa kumvalisha. Molesley ananyoosha mkono kushika vifungo vya mikono ya shati. Matthew anamzuia, anavifunga mwenyewe, anaona anamhurumia mtu mzima. Baadaye Robert anamwambia kwa upole kwamba anachofanya ni kumnyang'anya mtu kazi yake. Jioni nyingine Matthew anasimama tuli, anaachia mikono ivalishwe.

Wadogo wa kiume nao walikuwa na shida yao, maana mstari ulimchukua mmoja tu. Wengine walikwenda jeshini, kanisani, au makoloni, na baadhi walifika Kenya. Denys Finch Hatton, aliyezikwa vilima vya Ngong mwaka 1931, alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Earl wa Winchilsea. Kaka yake ndiye aliyerithi. Berkeley na Galbraith Cole walikuwa wana wadogo wa Earl wa Enniskillen. Vijana waliokosa ardhi kwao walipewa ardhi Bonde la Ufa, kule ambako Wamasai walikuwa wamehamishwa kwa mkataba wa 1904. Sehemu hiyo ya hesabu haimo kwenye tamthilia, na nadhani ilistahili angalau barua moja iliyotoka Naivasha.

Sheria za 1925 zilifuta haki ya mtoto wa kiume wa kwanza pale mtu anapokufa bila wosia, na sheria ya mwaka 1996 ikazuia enteili mpya zisiwekwe tena Uingereza. Vyeo havikuguswa. Hata mabadiliko ya 2013 yaliyomruhusu binti wa kwanza kutangulia wadogo zake wa kiume yalihusu kiti cha ufalme pekee. Julian Fellowes, mtunzi wa Downton Abbey, ameoa katika ukoo wa Kitchener. Mke wake ni mtoto wa ndugu wa Earl Kitchener wa tatu. Mzee huyo alifariki mwaka 2011, tamthilia ikiwa katika msimu wake wa pili, na kwa kuwa hakubaki mwanamume wa kukirithi, cheo kilifutika.